Wanakusubiri Umalize Chuo

Wiki iliyopita niliandikiwa na msichana anayesomea ualimu huku mashariki mwa Uganda. Jina lake nalihifadhi. "Mwalimu, wenzangu wamenipendekeza nigombee kiti cha chuo chetu kwenye umoja wa kitaifa wa walimu wanafunzi. Mama hataki. Anasema nilikuja kusoma, siasa niwaachie wenyewe. Wewe uliwahi kukaa hapo. Nigombee ama niache?"

Gombea, mdogo wangu. Mama umheshimu, umweleze pole pole, lakini fomu chukua. Na kwa kuwa umemuuliza mtu ambaye jambo hili bado linamchoma, vumilia nikueleze kwa urefu.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nilikulia katika nyumba za wanajeshi Jinja, mahali ambapo Mlugbara, Mteso na Mkiga wanagombana, wanapatana na kuoana kwa Kiswahili. Nilipoingia chuoni kuchukua diploma ya ualimu nilidhani lugha hii itanifaa darasani tu. Ilinifaa zaidi kwenye umoja. Wajumbe kutoka upande wa Arua walinielewa tangu siku ya kwanza. Baadhi ya wenzetu wa Kampala na Masaka bado walikuwa wanakisikia Kiswahili kama lugha ya askari anayegonga mlango usiku, na siwalaumu, wazazi wao walipitia miaka ya Amin. Lakini nilijionea kwamba mkutano ukiendeshwa kwa Kiingereza kitupu, wanaozungumza ni wale wale, na wanaotoka mbali wanapiga makofi na kurudi kwao na kilio kile kile walichokuja nacho.

Na umbali ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Vyuo vya kitaifa vya walimu vilikuwa vitano: Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama. Muni iko Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Kabale ni zaidi ya 400. Mkutano ukiitishwa Kampala Jumamosi asubuhi, mjumbe wa Muni lazima apande basi Ijumaa na alale kwa ndugu kama anaye. Yule wa karibu anafika amekunywa chai yake, anakuta akidi haijatimia, anasema tuanze tu. Hivyo ndivyo umoja wa nchi nzima unavyogeuka kuwa umoja wa wanaoishi karibu na stendi ya Kampala. Ukichaguliwa, kitu cha kwanza uulize ni nauli ya wajumbe wa mbali inatoka wapi. Kabla ya kauli mbiu, kabla ya fulana.

Sasa nifike kwenye kiini.

Siku zile diploma ilikuwa ya miaka 2. Cheti cha Gredi ya Tatu kwa walimu wa shule za msingi, vilevile miaka 2. Piga hesabu. Mwaka wa kwanza unajifunza njia za chuo, mwishoni unachaguliwa. Mwaka wa pili unaongoza, lakini mwaka huohuo una mazoezi ya kufundisha, una maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya kuandika hadi usiku, una mitihani ya mwisho. Muda wa kuongoza hasa ni vipande vipande. Wakubwa wa maofisini wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Ukipeleka dai hawakukatalii. Wanakukaribisha kiti, wanakuambia linashughulikiwa, wanakusifu kwa nidhamu yako. Kisha wanakusubiri umalize chuo. Mjumbe anayekuja baada yako hajui dai liliishia mlango gani, anaandika barua mpya, naye anakaribishwa kiti.

Dai letu lilikuwa la mazoezi ya kufundisha. Wanachuo walikuwa wanajua shule walizopangiwa siku chache tu kabla ya kuripoti. Ukifika, hakuna chumba. Mwenye nyumba anakuona mgeni, anataka kodi ya miezi kadhaa. Wasichana waliishia kulala mahali ambapo mzazi angelia kuona. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na la ziada: wengine walipelekwa shule ambazo hazikuwa na hata mwalimu mmoja wa Kiswahili wa kuwashika mkono. Unakabidhiwa darasa, unaambiwa wewe ndiye idara.

Umoja ukapata nafasi adimu. Mgeni rasmi mwenye cheo kikubwa alikuja kwenye mkutano mkuu, na mimi nikapewa kazi ya kuandika risala. Niliiandika kwa siku nyingi. Aya ya kwanza salamu, ya pili shukrani, tatu zilizofuata madai, kila moja na mfano wake. Mwenyekiti wetu akaichukua kuipitia. Siku yenyewe nilikaa safu ya mbele nikimsikiliza akisoma. Salamu zikapita. Shukrani zikapita, zikarudi, zikapita tena. Tukamshukuru mgeni kwa barabara. Tukamshukuru kwa amani. Halafu ukumbi ukaombwa kusimama kwa ajili ya picha. Madai yote yalikuwa yamekatwa. Wajumbe wa mbali, waliolala kwenye basi ili wasikie aya zile tatu, walisimama wakapigwa picha.

Nilipomuuliza mwenyekiti, alinijibu kwamba sikuelewa uongozi, kwamba mkubwa haaibishwi hadharani. Miaka imepita na jibu lile bado nalisikia. Sisi ni watoto tuliolelewa kwa heshima, najua mkubwa anasemeshwa vipi. Kumwambia mkubwa kwa adabu kwamba msichana wa mwaka wa pili hana pa kulala hakumwaibishi mtu. Kinachoaibisha ni msichana huyo kukosa pa kulala.

Sikujiuzulu. Niliacha kuhangaika na jukwaa nikaenda kwenye karatasi. Tuliwaandikia wawakilishi wa vyuo, mmoja mmoja, tukaomba kitu kile kile kutoka kwa kila mmoja: shule aliyopangiwa mwanachuo, tarehe aliyoambiwa, umbali kutoka hapo alipolala hadi shuleni, kodi aliyolipa, na kama alikuwepo mwalimu wa somo lake. Hatukuandika neno la lawama. Orodha zilirudi zimeandikwa kwa kalamu, nyingine kwenye karatasi za daftari, na zilipounganishwa zilisema mambo ambayo hotuba yoyote isingeweza. Tukatoa nakala. Tukapeleka masijala, siyo kwa mkubwa. Hapo nataka unisikilize vizuri: kila barua peleka nakala mbili, na ya kwako irudi imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikuambia acha tu hapo, simama. Tabasamu, lakini simama. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika.

Muhula uliofuata vyuo kadhaa vilianza kutangaza shule za mazoezi mapema, na kimoja kikaanza kuziandikia shule kuomba vyumba kabla wanachuo hawajafika. Mwingine alisimama mkutanoni akapongezwa kwa hilo. Sawa. Wanaojua wanajua, na mimi nina nakala zangu zenye muhuri hadi leo.

Kuna jambo vijana wengi hulichanganya, nalo nalisema kwa sababu nasikia mnaitana kugoma kila mwaka. Mwaka 2022 walimu wa masomo ya sanaa waligoma baada ya serikali kupandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4, wao wakiachwa kwenye milioni 1 na kidogo. Nyuma yao walikuwa na UNATU, umoja wa kitaifa wa walimu unaotambuliwa kisheria, wenye wanachama walioajiriwa na michango ya kila mwezi. Hata hivyo walirudi darasani baada ya kukutana na Rais, bila nyongeza waliyoidai. Wewe mwanachuo una nini cha kuzuia? Ukiacha kufundisha wakati wa mazoezi, alama zinazopotea ni zako. Katiba ya Uganda, kifungu cha 29, inakupa uhuru wa kuunda chama na kujiunga nacho. Lakini haki ya kugoma iliyo kwenye kifungu cha 40 ni ya mfanyakazi, na wewe bado hujawa mfanyakazi. Nguvu yako iko kwenye ushahidi na kwenye kutosahau. Watu wanaopenda kelele hawatakuambia hivi.

Kwa hiyo, kutosahau. Umoja wetu ulikuwa na katiba nzuri na bendera, lakini haukuwa na kabati. Kila uongozi uliondoka na mafaili yake mikobani. Mimi nililazimisha makabidhiano yaandikwe: dai gani, lilipelekwa lini, nani alilipokea, alijibu nini, nani afuatilie. Wenzangu waliniona msumbufu. Kuwa msumbufu, mdogo wangu. Mchukue mtu wa mwaka wa kwanza tangu siku unayoapishwa, aende nawe kila ofisi, akae kimya asikie, ili siku utakapoitwa kwenye mtihani yeye asianze kuuliza masijala iko wapi. Na chagua dai moja. Dai kumi ni zawadi kwa anayetaka kukuchelewesha, atajibu lile jepesi na kukupa mkono.

Kizazi chenu mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, na vile vyuo vitano vimewekwa chini ya taasisi moja ya kitaifa ya elimu ya ualimu, UNITE. Shahada ni ndefu kuliko diploma yetu. Maana yake mtakaa chuoni muda wa kutosha kulifuata dai moja hadi mwisho, na mtakuwa na mlango mmoja wa kubisha. Ile mbinu ya kuwasubiri mmalize itakuwa ngumu kidogo, mkiamua iwe hivyo. Na Kiswahili: mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikifanya cha lazima kwa vidato viwili vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Watakaokifundisha ni nyinyi. Dai la kwamba mwanachuo wa Kiswahili asipelekwe shule isiyo na mwalimu wa kumwongoza bado lina uzito, kama unatafuta pa kuanzia.

Umeuliza pia kuhusu mabango yenye picha, kwamba mpinzani wako ameshachapisha ya rangi. Andika lako kwa mkono, libandike bwaloni, kisha pesa hiyo uitumie kuzunguka mabwenini kuuliza watu walilala wapi wakati wa mazoezi. Beba daftari. Na mama akiendelea kukataa, nitumie namba yake nimpigie. Umesema ni mtu wa Tororo, basi kwa Kiswahili tutaelewana.