Kovu Lisilokoma Kukua

SWALI: Mimi ni fundi wa masanduku ya bati hapa Kamukunji, Nairobi. Mwaka jana bati lilinikata mkononi. Kidonda kilipona, lakini kovu limevimba, linawasha, na sasa limepita mahali nilipokatwa. Daktari aliniambia kwamba seli za tishu unganishi zimefanya kazi kupita kiasi. Ni seli gani hizo, na kazi yake hasa ni ipi?

JIBU: Bila shaka daktari alikusudia faibroblasti, seli iliyo mwenyeji mkuu wa tishu unganishi, yaani tishu inayoshikilia na kuunganisha sehemu nyingine za mwili. Seli za juu ya ngozi hubanana, ilhali seli za tishu hii hukaa zikiwa zimetawanyika katika ute na nyuzi, na faibroblasti ndizo zinazotengeneza vyote viwili. Uzi mkuu ni protini iitwayo kolajeni, ambayo mwili hauwezi kuiunda ikawa imara bila vitamini C. Ndiyo maana mtu aliyeikosa vitamini hiyo kwa miezi kadhaa hutokwa na damu kwenye fizi na vidonda vyake hukawia kupona.

Ulipokatwa, faibroblasti hazikutangulia. Damu ilipokwisha kuganda, seli za kinga zilifika, na miongoni mwao makrofaji, ambazo humeza bakteria na mabaki ya seli zilizokufa, kisha hutoa kemikali za kuziita faibroblasti. Baadhi ya faibroblasti hizo hugeuka kuwa miofaibroblasti, zenye uwezo wa kujikaza mithili ya msuli, zikavuta kingo za kidonda zikaribiane. Kwa kawaida, kidonda kikishafunga, nyingi kati ya hizi hufa na kazi hupungua. Katika kovu linalovuka mpaka wa kidonda, yaani keloidi, uzalishaji wa kolajeni huendelea. Hali hii huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo, kwa hiyo usidhani kwamba ulikitunza kidonda vibaya.

Mwasho nao una mhusika wake. Seli za masti, alizozieleza Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1878, hubeba chembechembe zilizojaa histamini, kemikali inayotanua mishipa midogo ya damu na kuchochea neva za mwasho, nazo huonekana kwa wingi katika makovu ya aina hii.

Zipo pia seli za mafuta, ambazo ni ghala la nishati, na seli za plazma zinazotoa kingamwili, lakini hizo hazihusiki sana na shida yako. Linalokuhusu ni hili: usikubali kovu likatwe tu na mambo yaishie hapo, kwa sababu kukata ni kidonda kipya kinachoziamsha faibroblasti zilezile, na keloidi hurudi mara nyingi, pengine ikiwa kubwa zaidi. Mwulize daktari wa ngozi kuhusu sindano za steroidi zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe, ambazo hupunguza utengenezaji wa kolajeni na mara nyingi hutuliza mwasho.