Shelfu imedondoka usiku na vikombe vya harusi

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za shelfu za ukutani, sijui mmeambizana. Nimechukua nne.

Shikamoo dada. Nilinunua shelfu tatu zile zisizoonyesha vyuma, fundi akaja akazipigilia kwa misumari ya zege fasta fasta akaondoka. Wiki ya pili tumelala tukasikia kishindo, kuja sebuleni moja iko chini na vikombe vyangu sita vya harusi vimekwisha. Fundi anasema shelfu ni feki, mume wangu anasema niache mambo ya Instagram. Mwenye kosa nani? (Mama wa Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mdogo wangu, pole kwa vikombe. Shelfu haina kosa, mumeo naye tumuache kwanza, wa kuongea naye ni fundi. Msumari wa zege kwenye ukuta wa tofali wenye plasta ni wa kutundikia kalenda, siyo shelfu, maana ukiugonga unaipasua plasta kwa ndani we huoni, afu unabaki umeshikwa na hiyo plasta tu ambayo mara nyingi ni sentimita moja na nusu hivi, na shelfu ya aina hiyo inavuta kwa mbele usiku na mchana hata ikiwa tupu, siku ikichoka inachomoka na kipande cha ukuta kama jino bovu.

Mwambie arudi na drili. Biti ya milimita 8, plagi za plastiki za saizi hiyohiyo (vile vijibomba vinavyoingia tunduni ili skrubu ikaze humo), skrubu za milimita 60 hivi ili zivuke plasta na kuingia kwenye tofali lenyewe sentimita nne na zaidi. Abandike selotepu kwenye biti kuweka alama ya mwisho wa kutoboa, asiwe anakisia. Kama nyumba yenu ni ya tofali zenye matundu utaona drili inazama ghafla, hapo mmetokea kwenye uwazi, hamieni pembeni kidogo mtafute penye nyama. Na kabla hata hajawasha aangalie swichi na soketi ziko wapi, waya nyingi zinapita ndani ya ukuta wima juu au chini yake, kwa hiyo mstari huo usitobolewe kabisa, mimi nilishawahi kumshika fundi mkono biti imeshagusa rangi!

Kunyoosha atumie pima maji. Asifuatishe dari, dari zetu nyingi zenyewe zimelala.

Halafu uzito. Vikombe sita si kitu, ila najua mtoto akianza shule mtahamishia vitabu hapo, na mita moja tu ya vitabu inafika kilo 20 na kuendelea. Vitabu vinataka braketi za chuma zinazoonekana, na kama ubao ni MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18 basi toka braketi moja hadi nyingine isizidi sentimita 60, vinginevyo itabonyea katikati taratibu kama machela. Na MDF usiiweke karibu na sinki wala bafu, ikinywa maji inavimba kama andazi na hairudi.

Dada mambo! Nimefunga shelfu nne sebuleni nikapanga kila nilichonacho. Dada yangu alivyokuja alicheka akasema nimefungua duka la Mangi. Nifanyeje? (Binti wa Mbeya)

Poa mdogo wangu. Dada yako mkorofi ila nimemuelewa. Shusha vitu vyote chini, vyote, hadi rimoti. Ukiziona shelfu tupu ndo utajua ulikuwa umeziba ukuta mzima.

Sasa rudisha nusu. Anza na virefu, kinyago, jagi, picha yenye fremu, usivipange kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza kwenye paredi, kimoja kushoto juu, kingine kulia chini, vidogo ndo vifuate viwili vitatu kwa pamoja, na kila shelfu iwe na sehemu isiyo na kitu kabisa. Hapo pagumu, najua, mkono utawasha. Picha ya ndoa moja inatosha, hizo nane nyingine ziende kwenye albamu. Chaja na vikorokoro vingine vitumbukize kwenye kikapu cha ukili, kinapendeza na hakuna anayeuliza ndani kuna nini.

Maua ya plastiki mimi siyapendi, yanakula vumbi na hakuna anayeyaosha. Weka mani planti kwenye kopo zuri iteremke yenyewe, na kisahani chini ili maji yasichafue ubao. Na wamama mtanisema ila kile kitambaa cha kufuma alichokupa bibi, kimoja tu, kikining'inia ukingoni mwa ubao wa rangi nzito, kinazidi madoido yote ya dukani.

Shelfu ya juu ya kochi isitokeze toka ukutani zaidi ya sentimita 15, na iache kama sentimita 40 toka juu ya egemeo, shemeji mrefu akiinuka asiache kichwa pale.

Assalaam alaykum. Nimehamia nyumba ya kale Mji Mkongwe. Fundi kila akitoboa unamwagika mchanga, plagi inazunguka tu, tundu limeshakuwa la panya. (Msomaji, Unguja)

Waalaykum salaam. Mwambie aache leo hii. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa, hauna tofali la kushika plagi, na drili ikiwekwa kwenye kugonga ndo inaubomoa zaidi. Waliojenga waliujua ukuta wao, badala ya kutundika kitu waliacha zidaka ndani yake, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Kwenye nyumba za kale za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani unakuta ukuta mzima ni zidaka safu juu ya safu, nakshi za chokaa pembeni, na humo zinakaa sahani na bakuli za kaure za kutoka China. Ndo shelfu za mapambo hizo, na haijawahi kudondoka hata moja! Hebu sogeza makabati uangalie kama huna kidaka nyuma yake.

Hayo matundu ziba kwa chokaa na mchanga, siyo saruji, saruji inafungia unyevu ndani na chokaa ya pembeni inaanza kubabuka. Ukitaka kuchonga kidaka kipya usianze kabla hujaongea na mwenye nyumba na mamlaka ya Mji Mkongwe, mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000. Kwa sasa nunua shelfu yenye miguu yake.

Landilodi hataki kuona tundu hata moja, na zile tepu za gundi zimeniangushia picha mara mbili. Nimechoka. (Kijana, Nairobi)

Pole kaka. Tepu haishiki ukuta, inashika rangi, na rangi za nyumba nyingi za kupanga ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Nenda kwa mafundi wa jua kali wakutengenezee shelfu ya ngazi, ile ya kuegemea ukuta, miguuni waweke mpira isiteleze kwenye tailizi, vizito vikae chini. Siku ya kuhama unaikunja unaitupia kwenye pikapu na dipoziti yako unaidai yote.