Bacula kuning'inia ikisubiri tawi lifike kwenye hifadhi

Ndugu, unasema Bacula (programu ya kuhifadhi nakala za data) inaning'inia ikisubiri kompyuta ya tawi lako la Likoni iifikie hifadhi, yaani seva ya mjini inayotunza nakala; usiilaumu intaneti ya Likoni. Fungua bacula-dir.conf (faili la mipangilio ya dairekta, sehemu ya Bacula inayoongoza kazi), pale kwenye Storage: karibu nina hakika Address imeandikwa localhost, yaani "kompyuta hii hii". Dairekta huipigia kompyuta ya tawi kwa poti 9102, nayo huitikia vizuri (ndiyo maana amri ya status client haionyeshi kosa), kisha huipa anwani ya hifadhi vilevile ulivyoiandika wewe. Tawi likipewa localhost linajitafuta lenyewe kwenye 9103, halikuti kitu, kazi inaning'inia. Weka anwani halisi ya seva ya mjini, inayofikika kutoka ng'ambo ya feri, halafu reload (isome mipangilio upya) ndani ya bconsole, dirisha la amri la Bacula. Mimi tatizo hili lilinila siku mbili kwenye ofisi moja ya klaringi karibu na Kilindini, hadi kebo nilibadilisha, bure tu!

Kama seva ni Debian (aina ya Linux), chungulia pia SDAddress kwenye bacula-sd.conf, faili la mipangilio ya hifadhi. Ikiwa 127.0.0.1 (localhost ileile kwa namba), hifadhi haisikilizi mtandao, na hapo reload haisaidii. Izime bacula-sd uiwashe upya. Tawi lisipoweza kabisa kuifikia seva, toleo la 7.0 na kuendelea lina SDCallsClient: hifadhi ndiyo inayolipigia tawi.