Ukibadili engo, ibadili kweli: nilivyojifunza kukata picha isiruke

Wadau mnaoanza kuediti filamu, hili limeninyima usingizi sana ndo maana naliandika.

Filamu yangu fupi ya kwanza ilikuwa sini moja tu, mama na mwanae wanakunywa chai, kijana anaaga anahamia mjini. Kamera moja. Tukampiga mama, alafu tukasogeza kamera kama hatua moja hivi tukampiga tena, tukajua tuna engo mbili. Nimekaa kwenye kompyuta nakata kutoka hii kwenda ile, picha inaruka, yaani mama anaonekana kama kashtuliwa na umeme, nikaweka disolvu, yaani picha moja inafifia taratibu huku nyingine ikitokea, nikidhani itafunika, ikazidi kuwa mbaya.

Kumbe engo zenyewe zilifanana mno. Kuna kanuni ya digrii 30, kwamba kamera ihame angalau digrii 30 kumzunguka mtu, chini ya hapo jicho linaona ni picha ileile imeteleza. Na mi nasema saizi ya picha nayo ibadilike, kama ulikuwa waidi (picha pana ya mbali) njoo klozapu (picha ya karibu).

Kosa la pili lilikuwa kuvuka mstari. Chukulia kuna mstari umepita kati ya waigizaji wawili, kamera ibaki upande mmoja wa huo mstari, ndo wanaita kanuni ya digrii 180. Sisi tuliuvuka, mama anatazama kulia na kijana naye anatazama kulia, wanaonekana wote wanaongea na mtu wa tatu ambaye hayupo! Jamaa aliyekuwa ananifundisha kazi akaniuliza, huna shoti ya kikombe? Bahati nzuri ilikuwepo, klozapu ya mkono unakoroga chai, sekunde 4 tu. Nikaichomeka katikati, ikaokoa sini. Toka siku ile siondoki lokesheni bila kupiga mikono, mlango, birika, hata kama watu wamechoka wanataka kwenda kula.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote, kukata kwenye tendo. Mama ananyanyua kikombe, mwache aanze kwenye waidi, kata mkono ukiwa njiani, klozapu iendelee palepale mkono ulipofikia. Mtazamaji anafuata mkono, haoni mkato. Kwa tunaopiga fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, sogeza fremu 2 au 3 mbele au nyuma uangalie tena, utashangaa tofauti. Ila hii inaanzia kwenye kupiga, mwigizaji arudie tendo zima kwenye kila engo, sio aanzie pale mlipoishia.

Na sauti jamani, watu wengi wanakata picha na sauti pamoja kila mara, mazungumzo yanakuwa kama mpira wa meza. Jaribu kumwacha mama kwenye skrini, tumsikie kijana anasema "naondoka kesho", alafu ndo picha ihamie kwake, au isihamie kabisa, tubaki na uso wa mama. Rekodi pia ukimya wa chumba, kama nusu dakika watu wote wametulia, utaupitisha chini ya mikato yote, la sivyo sauti ya nyuma inabadilika kila engo na sikio linagundua kabla ya jicho.

Mwisho wa sini nilikuwa na teki mbili, yaani tulirudia kupiga mara mbili. Moja safi, kikombe kiko mkono sahihi. Nyingine mama kalia kweli lakini kikombe kimehamia mkono wa kushoto. Walter Murch, aliyekuwa mmoja wa walioediti Apocalypse Now ya 1979, anaipa hisia uzito wa asilimia 51 kwenye kuchagua mkato, na vitu kukaa mahali pake ndani ya chumba anavipa asilimia 4. Nikachukua teki ya machozi. Tulipoionesha mtaani watu walinyamaza kimya, mama mmoja akafuta macho kwa ncha ya khanga, na kuhusu kikombe hakuna aliyeniuliza mpaka leo.