Maswali Yenu: Pampu ya sola na kisima kilichoingia chumvi

SWALI: Asalaam aleikum, wahariri. Nina kisima cha futi 25 hapa Matondoni na shamba la mita 25 kwa 20 la nyanya na maharage. Tangu nifunge pampu ya sola ya nguvu ya farasi moja, maji yameingia chumvi na majani yanaungua ncha. Fundi aniambia nichimbe zaidi. Nimfuate? – Mkulima, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Tafadhali usichimbe. Maji tamu ya kisiwani ni mvua iliyonywewa na mchanga, nayo yameelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito kidogo: lita 1,000 za bahari zina kilo 1,025 hivi. Maji tamu yakishuka sentimita 10, chumvi chini yake yaweza kupanda hadi mita 4. Ukichimba, unaifuata huko huko iliko.

Shida ni ukubwa wa pampu. Mwenye mashine ya dizeli huizima mapema kwa kuogopa bei ya mafuta. Jua halina bili, basi pampu huachwa ivute kutwa. Shamba lako, kwa milimita 5 za maji kila siku, lataka lita 2,500. Pamoja na za kupotea, 3,000. Pampu yako yaweza kuzivuta kwa chini ya saa moja, na kisima hakipati nafasi ya kujaa. Funga ndogo ya lita 600 kwa saa, ifanye kazi saa tano. Kupandisha lita 3,000 mita 10 ni kama wati-saa 80. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo hesabu 250. Paneli moja ya wati 100 inatosha.

Ining'inize futi mbili au tatu chini ya uso wa maji, isikaribie sakafu ya kisima, na uweke floti, yaani swichi inayoelea, ya kuizima maji yakishuka. Tangi liinuliwe mita 2, maji yapite kwenye chujio ndipo yaingie dripu, ile mipira yenye matundu ya kudondoshea mimea maji. Bila chujio, mchanga huziba matundu.

Kisha nunua kipima chumvi. Mavuno ya maharage huanza kushuka maji yakifika mikrosimensi 700 kwa sentimita (ndicho kipimo chake: namba ikipanda, chumvi imezidi), nyanya 1,700, kunde 3,300. Basi acha maharage, panda kunde. Na tazama udongo: dripu husukuma chumvi pembezoni mwa duara la unyevu, ndiyo ile nyeupe uionayo juu. Manyunyu huirudisha kwenye mizizi, na mimea hunyauka siku ya mvua, mkulima akabaki anashangaa. Mvua ikianza kudondoka usizime dripu; ngoja inyeshe ya kutosha kuizamisha ile chumvi.

Masika yasikupite bila jabia, birika la kuwekea maji ya mvua. Bati la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 30, hukupa lita 1,400 hivi baada ya upotevu. Ukichanganya nusu kwa nusu na ya kisima, chumvi hupungua karibu nusu. Maji ya paa la makuti hutoka na rangi ya chai; hayo ni ya shamba, si ya kunywa.

SWALI: Kwa nini umeme ukikatika na maji ya mfereji hukatika? Nifunge pampu ya kuyavuta? – Mama wa nyumbani, Malindi

JIBU: Dada, maji ya Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na husukumwa kwa umeme. Pampu usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: hufyonza uchafu kupitia nyufa, na jirani hukosa. Watu watano kwa lita 50 kila mmoja, siku tatu, ni lita 750. Tangi la 1,000 lililoinuliwa latosha. Maji yakirudi, yale ya kwanza yenye tope yape mpapai, ndipo ufungulie tangi.