Bosi anasema sitabasamu, nikijilazimisha wateja wanaona feki

Pole dada, kukaa kaunta masaa 10 halafu unaambiwa "tabasamu" naijua, mi nimeuza simu Kariakoo miaka mitatu. Shida sio meno, ni macho. Kuna daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika tangu 1862 kwamba tabasamu la kweli linakaza na misuli ya kuzunguka macho, la kulazimisha linaishia mdomoni, ndo maana wateja wanalishtukia. Mi nilikuwa namwangalia mtu usoni kwanza, namsalimia, nasubiri aitikie, hapo mara nyingi linakuja lenyewe (wa kununa wapo tu, achana nao). Ila kama hata nyumbani huchekeshwi na kitu wiki mbili mfululizo, muone daktari, hiyo sio kaunta tena. Na mdomo ukipinda upande mmoja ghafla, kimbia hospitali.