Chagueni hisia kabla ya kuchagua jina

Wadogo zangu, juzi nilipita kwenye meza yenu nikaikuta brifu ya mteja, yaani maelezo ya kazi anayoitaka, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: uaminifu, furaha, nguvu, ubunifu, upole na fahari. Chini yake mlikuwa mmeorodhesha majina arobaini ya chapa yake, na hakuna aliyeweza kuniambia lipi linabeba lipi. Najua mlikesha, na bidii yenu naipenda. Kilichonikera ni kwamba kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, na aliyelilipia ni mteja.

1. Kubalianeni na mteja juu ya hisia moja kabla ya kufungua kamusi. Ubora si hisia, wala ubunifu si hisia. Hizo ni sifa ambazo kampuni hujipa yenyewe. Utulivu, shauku, usalama na ushindi ni hisia. Nike, jina lililoanza kutumika kwenye viatu mwaka 1971, ni la mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale. Halitaji ngozi, soli wala bei.

2. Lisikilizeni jina kabla ya kulichora. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliwaonyesha watu maumbo mawili, moja la mviringo na jingine la pembe kali, pamoja na maneno mawili yasiyo na maana, "takete" na "baluba", na wengi wakalipa umbo la pembe jina la takete. George Eastman, aliyesajili Kodak, jina la kamera zake, mwaka 1888, aliipenda herufi K kwa sababu aliiona ina nguvu. Jina la kitu cha kubembeleza likijaa k na t, mtakuwa mnashindana na masikio ya wanunuzi.

3. Hili ndilo lililonifanya niandike. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipewa chapa ya magodoro. Mteja alitaka utulivu, na hapo ndipo tungeishia, lakini meneja wake wa mauzo akaongeza fahari, mhasibu akaongeza uimara, nami, badala ya kukataa kwa adabu, nikaanza kutafuta neno la kuwaridhisha wote watatu. Nikaleta "Pumziko". Kwenye skrini lilipendeza mno: herufi za mviringo, rangi ya samawati, mama na mtoto wamelala. Tuliwaita watu ishirini tukawauliza kama wanalipenda, nao wakasema wanalipenda. Wangesema nini kingine, na mimi mwenye kazi nimesimama mbele yao nikitabasamu?

Siku tangazo la redio lilipoanza kurushwa nilikuwa ghalani kwa mteja. Redio ya mlinzi ikalitaja jina taratibu, kwa sauti nzito, bila picha wala rangi ya kulisaidia. Kijana aliyekuwa akipakia mzigo akalimalizia bila hata kugeuka: "la milele." Hakunikejeli. Alilimalizia kama ambavyo angelimalizia mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya kaburi. Mkono wangu ulikuwa juu ya godoro, kidole kikiwa kwenye uzi wa ile herufi P, na papo hapo nikajua kwamba hakuna mke atakayemnunulia mume mgonjwa godoro lile.

Nilidhani nimeweka hisia tatu ndani ya jina moja, kumbe watu walisikia mbili, utulivu na msiba, na msiba ukisikika, kingine hakisikiki tena. Lebo zote zilifumuliwa kwa wembe, moja baada ya nyingine. Pale wembe ulipoteleza kitambaa kilichanika, na magodoro hayo yakauzwa kwa hasara. Nilimwomba mteja radhi, ofisi yetu ikarudisha malipo, lakini hadi leo ninaloumia nalo ni lile swali langu. Ukimuuliza mtu kama anapenda kazi yako, atakujibu kwa adabu. Nilipaswa kulitamka jina kwa watu wasionijua, mmoja mmoja, bila nembo, nikaandika neno la kwanza linalowatoka. Majibu yakitawanyika, jina limeanguka, hata kama kila mmoja analisifia.

Wengine huokolewa mapema. Mwaka 1994 Jeff Bezos aliiandikisha kampuni yake kwa jina la Cadabra. Lilipotajwa kwenye simu likasikika kama "cadaver", yaani maiti kwa Kiingereza, likaachwa kabla duka lake la mtandaoni halijafunguliwa, na Amazon ikachukua nafasi yake. Simu moja tu ilitosha. Mimi sikupiga hata hiyo.

4. Pekueni daftari la alama za biashara kabla hamjalipenda jina, katika daraja linalohusika. Mfumo wa Nice, yaani mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma kwa ajili ya kusajili alama, una madaraja 45, na magodoro yako katika la 20.

5. Mteja akiongeza hisia ya pili, msimbishie, mpeni mahali pa kuiweka. Uimara unakaa vizuri kwenye hati ya dhamana, fahari inakaa kwenye kitambaa na picha, na furaha inaweza kubebwa na kaulimbiu. Meneja yule wa mauzo hakuwa mkorofi, aliogopa tu kwamba neno lake litapotea, nami sikumwonyesha mahali ambapo lingeishi.

Brifu yenu nimeirudisha mezani, sijafuta kitu. Kesho saa nne nitakuja kuuliza ni hisia ipi imebaki, na zile tano mmezipeleka wapi.